Kitone cha Wanja

Bengaluru
12 Septemba 2019

Hema mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na nikimpigia shemeji Mahadeva ananiambia uko bafuni. Mwanamke gani anaoga tangu Machi mpaka Septemba? Nimeona nikuandikie, maana barua huwezi kuikata katikati.

Habari umesikia, nchi nzima imesikia. Chombo kilikuwa kimebakiza kidogo sana kuugusa mwezi, kikanyamaza, na baadaye wakatuambia kimeanguka. Sisi wa karakana tulikuwa tumekaa wote mbele ya televisheni ya Bwana Basappa. Alikuwa ameagiza uppittu, ule uji mkavu wa semolina, na kahawa, na maboksi ya peremende yamepangwa mezani tayari kwa kugawa. Hakuna aliyeyafungua. Tuliporudi kazini kila mtu alishona karatasi zake za dhahabu bila kuinua kichwa, mpaka Bwana Basappa akapita katikati ya meza akasema, "Jamani, hizi ni blanketi za setilaiti, hamshoni sanda." Na yeye mwenyewe macho mekundu.

Sasa sikiliza vizuri. Wahandisi wa kituo cha anga wametuhakikishia kwamba blanketi letu lilikikinga chombo na joto na baridi vilivyo, halikuwa na kosa. Chombo kilishuka kwa kasi kubwa kuliko ilivyotakiwa, basi. Haikuwa sindano wala uzi, na halikuwa jicho la mtu. Nakuambia hivi kwa sababu nakujua. Najua huko Kollegala umeshakaa ukajiambia, Pankaja alifumua kitone changu cha kuzuia jicho, ndiyo maana.

Hema, uzi ule mweusi ulikuwa wa pamba, umeuchomoa kwenye sari yako. Kule juu hakuna hewa. Uzi usioruhusiwa unatoa mvuke wake polepole, na mvuke unakwenda kukaa kwenye vioo vya kamera. Hilo ulifundishwa siku ya kwanza, na aliyekufundisha ni mimi. Kazi yangu ni kukagua. Ningeona fundo kama lile kwenye kazi ya mtu mwingine ningelifumua vilevile. Labda tu nisingesema lile neno mbele ya watu.

Kiti chako cha dirishani kiko wazi. Sikukuu ya Gauri imepita na hukuja nyumbani. Wazazi hawapo tena, kwa hiyo nyumbani kwenu ni kwangu, utake usitake. Nilikuandalia bangili na kitambaa cha blauzi, viko kabatini vinakungoja. Rudi kazini. Fundi anayeondoka kwa hasira anamwachia nani mikono yake?

Dada yako,
Pankaja


Kollegala
3 Oktoba 2019

Akka,

Barua yako nimeipata, dada. Mistari imenyooka, hakuna neno lililofutwa. Ningejua ni yako hata bila sahihi.

Mahadeva hakukudanganya. Kila ukipiga, naingia bafuni.

Unasema labda usingesema lile neno. Mbona hukuliandika? Acha niliandike mimi. Uliinua blanketi mbele ya taa, ukaliona fundo langu kwenye pindo la ndani, dogo kama punje ya ufuta, ukasema wasichana wote wakisikia, "Hema, hiki ni chombo, siyo mtoto." Wakacheka. Wao hawakujua kitu. Wewe ulijua.

Kwa hiyo nikuulize, Akka, nilipokuwa na mtoto ulifanya nini? Tulikwenda studio, Chinmayi amevaa gauni la njano ulilomshonea mwenyewe. Nilikuwa nimempaka kitone cha wanja shavuni, kikubwa, kibaya, kama kinavyotakiwa kuwa, ili mtu akimwona ajizuie kumsifu. Ukasema kinaharibu picha. Ukatia mate kwenye ncha ya sari ukamfuta. Mpiga picha akasema, "Mtoto mzuri huyu, kama mwezi." Wiki haikuisha, homa ikamshika.

Sisemi umemuua. Daktari alisema ni mapafu, nilimsikia, mimi si kiziwi. Nasema tu kwamba mara mbili nimeweka kitone juu ya kitu nilichokipenda, mara mbili umekiondoa, na mara zote mbili nimekipoteza. Wahandisi wako waeleze watakavyo.

Sirudi. Mama mkwe ana mabeseni ya maji ya moto ya kuvuta hariri nyuma ya nyumba, ameniachia moja. Hapa hakuna anayenikagua ila yeye, naye haoni vizuri.

Hemavati


Bengaluru
16 Januari 2020

Hema,

Sikukuu ya Sankranti imefika, nakutumia ufuta na sukari guru kama desturi. Wanasema ukishakula useme maneno mazuri. Kula basi, kula hata mara mbili.

Kuhusu studio sitaandika kitu. Ile picha ninayo ukutani, naiona kila asubuhi nikichana nywele. Hilo litoshe.

Habari za kazi ni kwamba serikali imekubali kiundwe chombo kingine, kiende kulekule, karibu na ncha ya kusini ya mwezi ambako hajatua mtu yeyote. Bwana Basappa aliposikia alipiga makofi peke yake kama mwehu. Kisha akaja mezani kwangu, akauliza, "Yule mwenye vidole anarudi lini?" Hata jina lako hakutaja, na kila mtu alijua ni nani.

Nimepewa wasichana wapya. Wana adabu, wana vyeti, na hawana vidole. Wewe ulikuwa unapapasa blanketi, tena ukiwa umevaa glavu, ukasema, "Akka, karatasi ya katikati imejikunja." Tunafumua, tunakuta kweli imejikunja. Mimi nina macho tu. Macho yanaona juu, kilicho ndani hayakioni, na sasa nimeanza kuvaa miwani.

Naomba jambo moja. Usiingize mikono yako kwenye maji ya moto ya mama mkwe wako. Mwambie Mahadeva atafute mtu mwingine. Vidole vile si vya kuchemsha.

Uje mwaka mpya, siku ya Ugadi. Nitapika mkate mtamu wa dengu, na sitasema neno lolote la kazi. Nikisema unimwagie maji.

Dada yako,
Pankaja


Kollegala
20 Agosti 2021

Akka,

Samahani kwa kimya. Ugadi ile tulifungiwa ndani kama kuku kwa ajili ya korona, unajua mwenyewe, na iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe alitutoka mwezi wa Mei. Mabeseni sasa ni yangu. Mahadeva mzima, anauza uzi, anapungukiwa nywele.

Usishangae mwandiko huu. Kalamu mbovu.

Kazi ya hariri ni rahisi kuieleza. Vifuko vya viwavi vinachemka, unaingiza vidole, unatafuta ncha ya uzi, ukiipata unaipandisha kwenye gurudumu. Ncha yenyewe haionekani, inatafutwa kwa kugusa. Mwanzoni wanawake wa hapa walinishangaa, nilikuwa nazipata upesi kuliko waliozaliwa kazini. Walinipa jina la Mchawi wa Bengaluru. Sasa wamezoea.

Ufuta nilikula mwaka jana, maneno mazuri ndiyo haya naandika sasa. Chuki sina tena, Akka, nimechoka nayo. Lakini nikirudi, nirudi kwa sharti. Uniruhusu kuweka kitone changu kwenye pindo la ndani, uzi mmoja tu, na wewe ukiona ufumbe macho. Ukikubali, niandikie siku, nitapanda basi.

Ukikataa usinisumbue tena na habari za kile kiti. Mpe mtu mwingine.

Hemavati


Bengaluru
9 Novemba 2022

Hemavati,

Nimekaa na barua yako zaidi ya mwaka. Ulinipa mtihani ukijua jibu, nikaona niuchukue kwa kweli.

Nilikwenda kwa mhandisi mwanamke anayekuja kupokea kazi zetu. Si mtu mbaya, naye amezaliwa kijijini, ana kovu la kuungua na chungu mkononi na analionyesha kwa kila mtu. Nikamwuliza kama kuna uzi mweusi unaoruhusiwa. Akaniuliza wa nini. Sikuweza kudanganya, nikamwambia. Hakunicheka. Akasema, "Mama, mimi mwenyewe ningependa. Lakini kila uzi una kazi yake kwenye mchoro, na huo hauna. Nikikubali wako, kesho mwingine ataniletea limau na pilipili za kuzuia jicho nivitundike mlangoni." Tukacheka wote wawili. Halafu akakataa.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na ulijua litakuwa hapana. Ungekuwa unataka kweli kurudi ungeomba kitu ninachoweza kutoa. Ungeniomba nipige magoti mbele ya wasichana, ningepiga. Ungeniomba niseme lile neno nimelimeza, ningesema. Umechagua jambo moja tu duniani lisilo mikononi mwangu, ukaliita sharti.

Na barua yenyewe umeiandika kama mtu anayeandika amesimama, herufi zinaanguka upande huu na huu. Mwandiko wako ulikuwa unasifiwa shuleni. Kwa dada yako hukuona haja ya kukaa chini. Nimeelewa.

Chombo kimekamilika karibu chote. Blanketi zimeshonwa na wengine. Mara mbili tumefumua upande mzima kwa sababu karatasi ya ndani ilijikunja na hakuna aliyeihisi mpaka mashine ilipotuambia. Nilikaa kwenye kiti chako siku hiyo, nikajaribu kupapasa nimefumba macho. Sikuhisi kitu.

Sitakuomba tena.

Pankaja


Kollegala
24 Agosti 2023

Akka,

Jana kimetua.

Kwenye banda la hariri tulileta televisheni ya duka la pembeni, tukaiweka juu ya magunia. Wanawake wote walizima moto mapema, jambo ambalo sijapata kuliona. Wananijua nilishona huko zamani, wakaniweka mbele kama mama wa bwana harusi. Kila aliyepita ananigusa bega. "Dada Hema, blanketi lako lile?" Nikasema hapana, lile la kwanza ndilo langu, lililoanguka. Wakasema haidhuru, ni familia moja.

Akka, sina mwingine wa kumwambia haya, na kwa Mahadeva sitathubutu. Kilipokuwa kinashuka, ule mstari kwenye kioo unateremka, watu wote wameshika mikono, mimi nilikuwa nakingojea kianguke. Sikuomba kianguke, sikusema hata kwa moyo, lakini nilikuwa nimekaa kama mtu anayengoja basi analojua litakuja. Hakikuwa na kitone. Hakikuwa na mkono wangu. Kilipaswa kuanguka ili mwanangu awe amekwenda kwa sababu ninayoijua.

Kikatua. Kimetulia pale kama mtu aliyeketi kwenye mkeka wake. Watu wakaruka, mzee wa duka alimwaga peremende zake zote kwenye pindo la sari ya mtu, watoto wanapiga ngoma ya debe. Mimi nilikwenda nyuma kwenye mabeseni nikalia, na walionifuata wakadhani ni furaha. Wakanikumbatia. Sikuwakatalia.

Sasa kama halikuwa jicho, Akka, ilikuwa nini? Ilikuwa mapafu tu? Mapafu tu, na mimi nimekununia miaka yote hii?

Kuna jingine, nilimalize leo. Mwandiko ule haukuwa dharau. Nilikuwa nimekaa chini, tena mezani, na nilirudia karatasi ile mara nyingi. Ncha za vidole vyangu hazihisi kitu. Mwaka wa kwanza zilikuwa zinauma, nikapaka mafuta ya nazi. Baadaye zikaacha kuuma nikafurahi. Kisha siku moja nilishika kisu upande wa makali, nikaona damu kabla sijajua. Uzi wa hariri sasa nautafuta kwa macho, kwa hiyo ni mwepesi wa kukosa, na Mchawi wa Bengaluru ameisha. Kalamu nikiikaza sana inavunjika, nikiilegeza inaanguka.

Uliniambia mapema habari ya maji ya moto, nami wakati barua yako inafika nilikuwa nimekwishaanza. Nilipokupa lile sharti nilijua utakataa. Niliona afadhali uniite mkaidi kuliko uje ukae mbele yangu uviangalie vidole hivi, halafu usiseme, "Si nilikuambia?" Najua usingesema. Ndiyo ningeshindwa kuvumilia.

Kiti mpe msichana mwingine. Safari hii sisemi kwa hasira.

Mdogo wako,
Hema


Bengaluru
5 Septemba 2023

Hema wangu,

Barua yako niliisomea chooni karakana, mlango nimeufunga. Wasichana waligonga wakauliza kama naumwa. Nikawaambia niko bafuni. Nikakumbuka nilikojifunzia mimi maneno hayo, nikacheka na kulia kwa pamoja kama mpumbavu.

Sitasema nilikuambia. Nitasema nilikaa na barua yako mwaka mzima, kisha nikakusuta kwa mwandiko, na wewe ulikuwa unaishika kalamu kwa vidole vilivyokufa. Ningekuwa na akili ningepanda basi. Kollegala si mwezini, ni safari ya asubuhi moja. Niliona ni lazima wewe uje kwangu kwanza, na kwa ajili hiyo nimekukosa.

Uliniuliza ilikuwa nini. Nadhani ilikuwa mapafu, Hema. Nadhani ilikuwa mapafu tangu mwanzo. Lakini usinidhani nilikaa salama na akili za wahandisi. Nikueleze kitu ambacho wasichana wa hapa hawakijui.

Baada ya yule mhandisi kunikatalia, nilirudi nyumbani nimekasirika na wewe, na yeye, na kila mtu. Jirani yangu alikuwa anampeleka mjukuu wake kwenye arusi. Mtoto amepambwa, shavu safi kabisa, nikamwuliza, "Kitone chake kiko wapi?" Akamgeuza mguu akanionyesha. Alikuwa amempaka unyayoni. Akasema, "Kwenye picha unyayo hauonekani, Pankaja. Mama yangu ndivyo alivyotufanyia sote."

Hema, nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Ningeweza kumfuta mwanao shavuni, nikamwekea kingine mguuni. Ingekuwa kazi ya dakika moja. Picha ingetoka nilivyoitaka, na wewe ungekwenda nyumbani na moyo wako. Homa ingekuja, na Chinmayi angekwenda vilevile, lakini ungeniruhusu nikae nawe kwenye mkeka nikushike. Hukuniruhusu. Nilikaa mlangoni siku zote za matanga nikihesabiwa mgeni.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi, nilijipaka kitone cha wanja kwenye unyayo wa kulia. Juu yake soksi, juu ya soksi vile viatu vya kitambaa vya chumba kisichoruhusiwa vumbi, hakuna mvuke uwezao kutoka hapo ukafika mwezini. Mwanamke mzima mwenye mvi, nachuchumaa kando ya kitanda najipaka kama mtoto wa kunyonya. Sikufanya kwa sababu naamini. Nilifanya kwa sababu mtu aliyeshona la kwanza angependa lifanyike, na mikono iliyokuwa inashona ilikuwa chini ya macho yangu. Siku ya kutua nilipaka miguu yote miwili. Kwa hiyo usiseme hakikuwa na kitone. Kilikuwa nacho, kilikuwa kimesimama Bengaluru.

Ningeliwaza hilo ile Machi ulipoondoka, wewe ungejipaka unyayo wako, mimi ningefumua uzi wako, na tungekwenda kunywa chai. Nimelirudia kichwani mpaka limechakaa.

Kazi haijasimama. Juzi chombo cha kulitazama jua kimeruka, na sasa wanazungumza habari za kupeleka watu. Bwana Basappa amezeeka, anasema akifa tumfunge kwa karatasi zetu za dhahabu asisikie joto huko aendako. Nilimweleza habari ya vidole vyako. Alivua miwani akaifuta muda mrefu, kisha akaniambia kiti cha dirishani kiondolewe. Nimekibeba nyumbani. Kiko sebuleni.

Gauri inakaribia. Wanawake walioolewa wote wanakwenda kwao, na kwenu ni hapa. Bangili za miaka yote hii ziko kabatini na sidhani kama zote zitakuenea. Njoo na Mahadeva, njoo na nywele zake zilizobaki. Nitapika ugali wa ulezi na mchuzi wa mboga ulioupenda. Usipokuja nitakuja mimi, nimekwishauliza saa za basi.

Na kuna jambo nataka ulifanye ukifika. Juzi niliishusha picha ya Chinmayi ukutani, nikafuta kioo, nikachukua wanja ili nimrudishie kitone chake mahali kilipokuwa. Nikashindwa. Sikumbuki kilikuwa shavu lipi. Nilikifuta kwa mkono wangu huu, na sikumbuki.

Picha iko mezani, wanja uko pembeni yake. Wewe unalijua shavu. Kazi hiyo haihitaji kidole kinachohisi.

Dada yako,
Pankaja